Sera za elimu ya juu na mtoto wa maskini: msaada unaochelewa huwafikia wale ambao wangesoma hata bila huo msaada

Mleta mada

Ndugu zangu, mjadala wa nani anaingia chuo kikuu na nani anabaki nje huwa unaishia kwenye ada peke yake. Serikali ikiipandisha, tunasema imewafungia maskini mlango; ikiifuta, tunasema imewafungulia. Nimefuatilia kwa muda mrefu namna nchi mbalimbali zilivyojaribu kupunguza pengo kati ya watoto wa wenye nacho na watoto wa wasio nacho, na hoja ninayoileta mbele yenu ni kwamba kiasi cha fedha kinachotengwa, pamoja na umuhimu wake wote, hakiamui mambo kwa uzito uleule kama wakati ambao mwanafunzi anaambiwa kuwa fedha hiyo ni yake, na uhakika alionao kwamba hatanyang'anywa. Msaada unaotangazwa baada ya matokeo ya mtihani, kwa masharti, kupitia fomu ndefu yenye viambatisho, huwanufaisha zaidi wale ambao wangekwenda chuo kwa njia yoyote ile.

Misingi ya kisheria ipo na ni ya zamani. Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu la 1948, katika kifungu cha 26, linataka elimu ya juu ipatikane kwa wote kwa usawa kulingana na sifa. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa 1966 unarudia takwa hilo katika kifungu cha 13, na kuzitaka nchi zielekee hatua kwa hatua kwenye elimu ya juu isiyolipiwa. Hata hivyo, serikali nyingi zimeyasoma maandiko haya kana kwamba wajibu wao unaanza siku mwanafunzi anapofika kwenye lango la chuo akiwa na cheti mkononi, bila kuuliza sifa zilizomo kwenye cheti hicho zilijengwa wapi na kwa gharama ya nani.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ni kuongeza vyuo na nafasi. Mwaka 1973 mwanasosholojia Martin Trow aliigawa mifumo ya elimu ya juu katika hatua tatu: unaopokea chini ya asilimia 15 ya vijana wa rika husika ni mfumo wa wateule, unaopokea kati ya asilimia 15 na 50 ni mfumo wa watu wengi, na unaovuka asilimia 50 unakaribia kuwa wa wote. Wengi walitumaini kwamba nchi ikipanda kutoka hatua moja kwenda nyingine, pengo la kitabaka lingejifunga lenyewe. Mwaka 1993 Adrian Raftery na Michael Hout, wakichambua takwimu za Ireland, walionyesha kwamba nafasi mpya huchukuliwa kwanza na watoto wa tabaka la juu, mpaka karibu wote wanaotaka kusoma wawe wamepata, na hapo ndipo zinapoanza kuwafikia walio chini. Mwaka 2001 Samuel Lucas aliongeza jambo la kusikitisha zaidi: hata walio chini wanapoanza kuingia kwa wingi, tofauti huhamia kwenye aina ya chuo na aina ya kozi. Nchini Marekani, utafiti wa Raj Chetty na wenzake wa mwaka 2017 ulibaini vyuo 38, vikiwemo vitano vya Ivy League, kundi la vyuo binafsi vyenye heshima kubwa, ambavyo vilikuwa na wanafunzi wengi zaidi kutoka familia za asilimia moja ya juu kabisa kwa kipato kuliko kutoka asilimia 60 yote ya chini.

Sasa tuitazame ada yenyewe. Ireland hiyohiyo iliifuta kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza katikati ya miaka ya 1990. Mchumi Kevin Denny alipopima matokeo ya uamuzi huo, hakuona badiliko la maana katika uwezekano wa mtoto wa familia duni kuingia chuo. Watoto wengi wa kipato cha chini walikuwa wanalipiwa ada na serikali hata kabla ya hapo, kwa hiyo nafuu ilikwenda kwa wazazi waliokuwa na uwezo wa kulipa. Tena alipowalinganisha vijana wenye alama zinazolingana katika mtihani wa kumaliza sekondari, tofauti ya kitabaka karibu ilitoweka, maana yake ni kwamba pengo lilikuwa limekwisha kufanyika miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuulizwa kuhusu ada.

Brazil inatufundisha jambo hilihili kwa ukali zaidi. Katiba yake ya 1988 inazuia kutoza ada katika vyuo vikuu vya umma, na vyuo hivyo ndivyo vyenye heshima kubwa nchini humo. Lakini kwa miongo mingi mtihani wa kuingia ulipitwa kwa urahisi na watoto waliosomeshwa katika sekondari za kulipia, ambao kisha walisomeshwa bure na kodi ya wananchi wote, huku mtoto wa mfanyakazi, aliyetoka sekondari ya umma iliyo dhaifu, akijikuta analipa ada katika chuo binafsi cha masomo ya usiku baada ya kazi. Bure peke yake ilikuwa imegeuka ruzuku kwa matajiri. Ilihitajika Sheria namba 12.711 ya Agosti 2012, iliyotenga nusu ya nafasi katika vyuo vikuu vya shirikisho kwa waliosoma sekondari yote katika shule za umma, na ndani ya nusu hiyo ikaweka sehemu kwa familia za kipato cha chini na kwa Weusi, machotara na wenyeji wa asili kulingana na idadi yao katika kila jimbo.

Naomba nikae kidogo kwenye ushahidi ulionishawishi kuliko mwingine wote, kwa sababu unagusa jambo ambalo watunga sera hulichukulia kuwa dogo. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Michigan, kwa kushirikiana na watafiti wakiongozwa na Susan Dynarski, kilianza kuwatumia barua wanafunzi wa sekondari wa jimbo hilo waliokuwa na ufaulu mzuri na kipato cha chini. Barua iliwaambia kwamba wakiomba na kukubaliwa, hawatalipa ada kwa miaka minne, na kwamba hawatatakiwa kujaza fomu yoyote ya kuthibitisha umaskini wao. Jambo la kushangaza ni kwamba wengi wa vijana hao wangepata karibu kiasi kilekile cha msaada hata bila barua, kwa kupitia utaratibu wa kawaida. Kilichobadilika ni uhakika, na wakati walipoupata. Miongoni mwa ambao hawakutumiwa barua, asilimia 26 waliomba nafasi chuoni hapo. Miongoni mwa waliotumiwa, waliomba asilimia 68. Waliojiunga walipanda kutoka asilimia 12 hadi 27. Baadaye ilijaribiwa barua nyingine yenye ahadi ya ada bure kwa sharti la kuthibitisha kipato kwanza, na mvuto wake ukapungua waziwazi.

Uko utafiti mwingine unaokamilisha picha hii, uliochapishwa mwaka 2012 na Eric Bettinger na wenzake. Familia za kipato cha chini zilizokwenda kuandaliwa hesabu za kodi zilisaidiwa papo hapo kujaza fomu ya serikali ya Marekani ya kuomba msaada wa masomo, fomu ambayo wakati huo ilikuwa na maswali zaidi ya mia moja. Kwa vijana waliokuwa wanamaliza sekondari, uandikishaji chuoni uliongezeka kwa takriban pointi nane za asilimia. Kundi jingine lilipewa maelezo tu kuhusu kiasi wanachostahili, bila kusaidiwa kujaza, na halikuonyesha badiliko lolote la maana. Wale wanaosema kwamba tatizo la maskini ni kukosa taarifa, na kwamba semina na vipeperushi vitatosha, wanapaswa kuyatafakari matokeo haya kwa makini.

Kwa nini uhakika una nguvu kiasi hicho? Kwa sababu uamuzi wa kwenda chuo kikuu haufanywi mwaka wa kuomba. Hufanywa kidogo kidogo: mzazi anapoamua kama kijana abaki shuleni au aanze kutafuta kipato, mwanafunzi anapochagua kati ya mchepuo mgumu unaofungua milango ya udaktari na uhandisi na mchepuo mwepesi unaomhakikishia cheti, familia inapopima kama mtoto mmoja akisomeshwa mpaka mwisho wadogo zake watakula nini. Familia yenye akiba inaweza kufanya maamuzi hayo kwa kubahatisha, maana ikikosa mkopo itauza kitu au itaomba kwa ndugu. Familia isiyo na akiba haina ruhusa ya kubahatisha. Ukiiambia kwamba msaada utajulikana baada ya matokeo, kwa kadiri bajeti itakavyoruhusu, umeiambia ipange maisha yake kana kwamba msaada haupo, na ndivyo inavyofanya.

Mikopo nayo iko kwenye mizani hiyohiyo. Mwaka 1989 Australia ilianzisha mfumo ambao mwanafunzi halipi kitu mwanzoni, na marejesho yanaanza pale tu kipato chake kinapovuka kiwango fulani. Kikishuka, makato yanasimama. England ilifuata njia hiyo, na hata ada ilipopandishwa mwaka 2012 hadi pauni 9,000 kwa mwaka, idadi ya vijana wa miaka 18 kutoka maeneo duni walioingia vyuoni iliendelea kupanda, kwa sababu hawakutakiwa kutoa fedha mlangoni na makato yao ni asilimia 9 ya kile tu kinachozidi kiwango kilichowekwa. Walioumia ni watu wazima waliosoma kwa muda wa ziada, ambao idadi yao iliporomoka. Linganisha na Tanzania, ambako marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yaliweka makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa mnufaika aliyeajiriwa, bila kujali mshahara huo ni mdogo kiasi gani. Anayetoka familia ya uwezo hulipa na kusahau, ilhali yule ambaye mshahara wake wa kwanza unangojewa na wazazi na wadogo zake anaanza maisha akiwa amebanwa pande zote mbili.

Naomba michango yenu, hasa ya wanaopinga.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, nimekusoma kwa makini na nakushukuru kwa kazi hii. Lakini naona hoja yako mwenyewe inakupeleka mahali ambapo hukutaka kufika. Kama uhakika wa mapema ndio kila kitu, basi ahadi iliyo wazi kuliko zote ni elimu ya juu bila ada kwa kila mtu. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuielewa. Haina fomu wala makundi, na haimlazimishi mtu kusimama mbele ya ofisa kujieleza alivyo maskini. Ukianza kusema kwamba bure ni ruzuku kwa matajiri, unawapa nguvu wale wanaotaka kurudisha ada kwa kisingizio cha usawa, na tunajua katika miaka ya 1980 na 1990 sera za kuchangia gharama ziliingizwa katika nchi nyingi za Afrika kwa maelezo ya aina hiyohiyo.

Mleta mada

Mkuu, hoja yako ni nzito na sehemu kubwa nakubaliana nayo. Ada bure ni ahadi safi, na ubora wake upo hapo uliposema, kwamba haihitaji mtu kuomba. Sina nia ya kuwatetea waliotumia umaskini wa wananchi kama sababu ya kuwatoza. Ninachosisitiza ni kwamba ahadi hiyo inahusu ada, na ada mara nyingi siyo gharama kubwa kuliko zote kwa mwanafunzi maskini.

Uskoti haiwatozi ada wanafunzi wake wa shahada ya kwanza, lakini kwa kuwa ruzuku ya kujikimu haitoshi, wanaokopa zaidi ni wale wa kipato cha chini, kwa sababu wazazi wao hawana cha kuwapa. England nayo ilifuta ruzuku ya kujikimu mwaka 2016 na kuifanya mkopo, hivyo anayetoka kwenye familia duni zaidi anahitimu akiwa na deni kubwa zaidi. Chakula, malazi, nauli, vitabu, na mshahara ambao kijana angeupata kama angefanya kazi, vyote hivyo havifutwi na tangazo la ada bure. Kwa hiyo serikali ikiwa na fungu dogo, na ikalazimika kuchagua kati ya kumsamehe ada mtoto wa mwenye nyumba tatu na kumpa mtoto wa mkulima posho ya uhakika ya miaka yote ya masomo, mimi nitachagua la pili. Ikiwa na fungu la kutosha, ifanye yote mawili.

Chile inaonyesha njia ya katikati. Baada ya maandamano makubwa ya wanafunzi ya 2011, nchi hiyo ilianzisha mwaka 2016 masomo bila ada kwa nusu ya chini ya kaya kwa kipato, na baadaye ikapanua hadi asilimia 60. Siyo kila mtu, lakini ni kundi pana kiasi kwamba familia nyingi zinaweza kujua mapema kuwa zimo.

Mchangiaji wa pili

Mimi wasiwasi wangu uko kwenye hizi nafasi za kutengwa ulizozisifu. Ukimwingiza mwanafunzi chuoni kwa alama za chini, huoni kwamba unamdhulumu mara mbili? Kwanza anashindwa masomo, pili anabeba doa kwamba aliingia kwa kubebwa. Halafu mara nyingi wanaofaidika ni wale walio juu kidogo ndani ya kundi lililokusudiwa.

Mleta mada

Ndugu yangu, nakujibu pande zote mbili kwa sababu zina majibu tofauti.

Kuhusu kushindwa masomo, tafiti nyingi zilizofanywa Brazil tangu utaratibu huo uanze zinaonyesha kwamba wanafunzi walioingia kupitia nafasi zilizotengwa wanakaribiana sana na wenzao kwa ufaulu, na katika kozi kadhaa tofauti ya mwanzo hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Hilo halipaswi kutushangaza. Alama 70 alizozipata mtoto katika shule isiyo na maabara zinaonyesha uwezo mkubwa kuliko alama 75 za aliyekuwa na mwalimu wa ziada kila jioni. Mtihani mmoja unapima pamoja akili ya mtoto na mfuko wa mzazi wake, na chuo kinachotaka akili kina haki, naona hata wajibu, wa kuvitenganisha viwili hivyo.

Kuhusu wanaofaidika kuwa wa juu ndani ya kundi, hapo umegusa kasoro ya kweli. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza mwaka 1990 kuwaongezea wasichana pointi 1.5 katika udahili, na idadi yao ikapanda kwa kiasi kikubwa katika miaka iliyofuata. Lakini kigezo kilikuwa jinsia tu, hivyo msichana wa shule bora ya mjini aliongezewa pointi zilezile alizoongezewa msichana wa kijijini, na wa mjini ndiye aliyekuwa karibu zaidi na alama ya chini ya kudahiliwa. Texas ilijaribu njia nyingine kwa sheria ya mwaka 1997: wanafunzi waliokuwa katika asilimia 10 ya juu ya kila sekondari walihakikishiwa nafasi katika vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo, kila mmoja akishindanishwa na wenzake wa shule yake. Utaratibu huo una udhaifu wake, maana unategemea shule kuendelea kutengana kitabaka, lakini una sifa moja ambayo naithamini sana: mtoto wa shule duni anajua tangu anaanza sekondari ni nini hasa anachotakiwa kufanya ili mlango ufunguke.

Mchangiaji wa tatu

Nakubaliana na roho ya mada, ila tuwe wakweli kuhusu bajeti. Hakuna serikali ya nchi maskini itakayowapa wote. Lazima iwapime waombaji uwezo wa kiuchumi, na ukishapima, fomu haziepukiki. Sasa unapendekeza nini kwa vitendo?

Mleta mada

Sipingi kupima. Napinga kumpa mwanafunzi mzigo wote wa kujithibitisha, tena kwa kuchelewa. Kenya ilianzisha mwaka 2023 mfumo mpya wa kugharimia vyuo vikuu uliowagawa wanafunzi katika makundi ya uhitaji, kila kundi likipata uwiano wake wa ufadhili, mkopo na mchango wa familia. Kwa nadharia, mfumo huo ulikuwa na haki kuliko kumpa kila mtu sawa. Kwa vitendo, wanafunzi wengi walijua kundi lao wakati tayari wamepangiwa chuo, wakalalamika kwamba wamewekwa kusikowahusu, wakalazimika kukata rufaa huku masomo yanaanza. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutamka kuwa unakinzana na Katiba, na mvutano wa kisheria ukaendelea. Kosa kubwa ninaloliona hapo ni kwamba familia ilijua gharama yake baada ya kufanya uamuzi.

Serikali nyingi tayari zinajua kaya maskini ni zipi. Waandaaji wa ile barua ya Michigan hawakumuuliza mwanafunzi kipato cha wazazi wake. Walitumia kumbukumbu za jimbo zilizoonyesha nani alikuwa anapata chakula cha shule bure au kwa bei nafuu. Nchi yenye mpango wa ruzuku kwa kaya duni ina orodha kama hiyo. Nchini Tanzania, kutoka kaya inayosaidiwa na TASAF, mfuko wa serikali unaotoa ruzuku kwa kaya maskini, tayari ni moja ya mambo yanayozingatiwa katika kutoa mikopo ya elimu ya juu, ila mwombaji ndiye anayetakiwa kuthibitisha hivyo wakati wa kuomba. Kinachohitajika ni kuigeuza kazi hiyo: orodha isomwe na serikali yenyewe mtoto anapoanza sekondari, familia yake ipelekewe barua yenye kiasi kilichotajwa, miaka iliyotajwa, na sharti moja tu la ufaulu linaloeleweka. Watakaokosekana kwenye orodha, na watakuwepo, waachiwe njia ya kuomba kwa fomu fupi na muda wa kutosha wa rufaa kabla ya udahili.

Kisha kila mwaka vyuo vilazimishwe kutangaza, kwa kila kozi, ni wanafunzi wangapi waliodahiliwa wanatoka kwenye kaya hizo, na wangapi kati yao wamehitimu. Jumla ya kitaifa haitoshi, kwa sababu inaficha kile alichokionyesha Lucas: unaweza kukuta idadi ya wanafunzi maskini imeongezeka maradufu nchini, wakati darasa la udaktari limebaki kama lilivyokuwa.

Mchangiaji wa tatu

Hapo kwenye takwimu za kila kozi nakuunga mkono. Lakini nani ataahidi fedha ya miaka saba ijayo, wakati bajeti hupitishwa kila mwaka?

Mleta mada

Bunge likitaka, linaweza. Mishahara ya watumishi na pensheni za wastaafu ni ahadi za miaka mingi, na bajeti ya kila mwaka hupangwa kwa kuziheshimu kwanza kabla ya kugawa kinachobaki. Msaada kwa wanafunzi wa kaya duni unaweza kuwekwa katika sheria kwa namna hiyohiyo, kama haki ya mtu aliyetajwa kwa jina, badala ya fungu ambalo ofisa anagawa mpaka liishe. Ukomo wake unakadirika bila shida, kwa kuwa idadi ya watoto wa kaya hizo walioanza sekondari mwaka huu inajulikana leo, na viwango vya kuendelea na masomo kutoka kidato kimoja hadi kingine viko katika takwimu za wizara. Kama fedha haitoshi kwa wote, kundi lipunguzwe kwa kuanza na kaya duni zaidi, lakini aliyekwisha kuahidiwa asiguswe.